Mkwe Juu ya Dari

Ukimtafuta Wekoye saa za kazi, usimtafute chini. Mtafute juu ya ngazi, juu ya mabati, au ndani ya dari za watu, amelala kifudifudi kati ya mbao, tochi kaifunga kwenye paji la uso na koleo kaliuma kwa meno. Miaka kumi na minane amefanya kazi hiyo. Mji wa Kitale anaujua kwa upande wa juu kuliko anavyoujua kwa upande wa mlangoni. Anajua nyumba gani ina popo, nyumba gani fundi wa kwanza aliiba mbao, na nyumba gani mwenyewe alificha chupa za pombe mkewe asizione.

Alizaliwa Chwele, nyuma ya soko. Siku za soko wachuuzi walimletea redio zao mbovu, naye akiwa bado ana kaptula ya shule alizifungua akazifunga zikaimba. Alipokua akahamia Bungoma mjini, akapanga kibanda kwenye barabara ya kwenda Kibabii, akawa anawafungia wanafunzi wa chuo masabufa ya kutetemesha madirisha. Kisha mambo yakabadilika, kazi kubwa ikawa Kitale. Mwenye nacho wa siku hizi hataki spika imsimamie sebuleni kama mgeni asiyeaga. Anataka sauti itoke ukutani, hajui wapi. Basi ukuta unachimbwa kwa patasi, waya unazikwa humo, ubao wa jipsamu unafunika, rangi inapigwa, na kinachobaki ni kiwambo cheupe ambacho usipoonyeshwa hukioni. Spika mbele, spika kando, spika nyuma, mbili za juu kwenye dari, na sinema ikianza unadhani mvua inanyesha kichwani pako. Kazi hiyo Wekoye anaijua, na anajua kwamba anaijua. "Mimi sifungi spika," huwaambia watu, "mimi nafunga sauti." Maneno ya majigambo, lakini ukikaa katikati ya chumba alichokifunga yeye, unamsamehe.

Mkewe, Joy, alimtoa Ndalu, kwa mzee Sifuna. Ndoa ya kanisani, pete, keki, na yote. Lakini kanisa ni kanisa na ukwe ni ukwe. Nyumbani kwa akina Joy wameshika ile heshima ya zamani bila kulegeza: mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwingine apite. Wakiwa na neno la kuambiana, wanamtafuta mtu wa katikati alibebe. Kwa hiyo miaka tisa Wekoye amekuwa mkwe wa Wilkista, mamake Joy, bila kuujua uso wake. Alichokijua ni sauti. Akiwa amekaa sebuleni Ndalu na wazee, aliisikia sauti ile ikitokea jikoni, nzito kidogo, ikimwambia fulani amwambie huyo mtu aongeze ugali.

Sasa nikwambie alivyoharibu, maana aliharibu mwenyewe, hakurogwa.

Mzee Sifuna alifariki mwaka jana. Siku ya maziko mkwe lazima aonekane. Anasimama mbele ya waombolezaji pamoja na watu wake, anatajwa jina, anarusha udongo wake kaburini. Asubuhi ile Wekoye alikuwa Kitale, amevaa suti kabisa, alipopigiwa simu na tajiri mmoja aitwaye Kipkemei. Kipkemei alikuwa na wageni wa kuja kutazama fainali ya mpira, na spika mbili za nyuma zimekata. "Ni saa moja tu, fundi." Wekoye akavua koti, akapanda darini. Panya walikuwa wamekula waya. Saa moja ikazaa saa nne. Simu ilimtetemekea mfukoni mpaka akaizoea. Alipofika Ndalu, kaburi lilikuwa limeshafukiwa na watu wanakula.

Hapo ndipo angesema ukweli, agombezwe, atozwe faini ya wazee, yaishe. Badala yake alisema gari liliharibika Kiminini. Na kwa kuwa uongo ukikaa unaanza kuota vipuri, wiki iliyofuata ulikuwa na giaboksi, na mwezi uliofuata ukapata makanika aliyechelewa kuleta spana. Joy alibaki Ndalu kidogo kumliwaza mamake, pamoja na mtoto wao Ivy. Hilo kidogo likawa miezi saba. Ujumbe ulikuja kupitia kwa Khisa, kakake Joy, ukiwa mfupi: mama anasema mkwe aje mwenyewe aseme siku ile alikuwa wapi. Wekoye akatuma wazee wawili na maneno ya Biblia. Wakarudishwa na chai yao tumboni na swali lile lile mkononi. Alishindwa kwenda. Angesema nini? Akishikilia uongo, wataujua. Akisema ukweli, atakuwa mtu aliyeacha kumzika babake mkewe ili matajiri waone mpira, kisha akadanganya juu ya kaburi. Basi akakaa hapo katikati, akila peke yake kibandani, akijiambia wiki ijayo.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi, mchana, jua la Kitale limewaka vizuri. Wekoye alikuwa Milimani kwa Nyaguthii, mama mwenye duka la jumla la nafaka mjini, mjane mchangamfu ambaye wanawe, Ngige na wadogo zake, walikuwa wamekwisha kuondoka nyumbani, naye akaamua chumba cha wavulana kiwe cha sinema. Kazi ya wiki mbili ilikuwa imefika mwisho. Spika tano zilikuwa zimeshalala ukutani. Zimebaki mbili za dari. Wekoye alikuwa ameunganisha simu yake na amplifaya, ile aina mpya inayoshika simu bila waya, akacheza wimbo wa kanisa wa kujaribia, akaiacha simu juu ya kabati la televisheni. Akapanda ngazi, akapita kwenye tundu la dari, akatambaa na waya wake mpaka pembeni. Chini ya mabati kulikuwa na joto la kuokea mkate. Akavua shati. Baada ya muda akavua na suruali, akabaki na kaptula ya ndani, saa ya mkononi na tochi, maana nani atamwona?

Tundu la dari lilikuwa moja tu nyumba nzima, na chini yake palikuwa na kochi.

Alisikia mlango ukifunguliwa, kisha Nyaguthii, ambaye huongea kama yuko sokoni hata akiwa kanisani.

"Ingia, ingia Mama Khisa! Huko sebuleni wanapaka rangi. Kuja uone sinema yangu. Keti hapo kwa kochi, ndio katikati. Hapo ndio fundi amesema sauti inafika yote."

Wimbo ukazimwa kwenye simu. Mtu akaketi, kochi likalalamika. Halafu sauti nzito kidogo ikasema:

"Mama Ngige, hii nyumba yako imekuwa ya serikali. Maharagwe nimeacha kwa dereva, gunia tatu. Hiyo ingine mvua ilinyeshea."

Wekoye aliganda. Koleo lilitaka kumtoka mdomoni, akaliuma. Sauti ile haikuwa na pacha. Hakujua kwamba Wilkista ndiye humletea Nyaguthii maharagwe kutoka Ndalu. Angejuaje, na mambo ya mama mkwe hayaulizwi? Na sasa alikuwa juu yake. Si chumba kimoja tu, ambalo peke yake ni kosa. Juu ya kichwa chake, nusu uchi, kama tumbili. Wazee wangekaa kikao cha siku mbili kulitafutia jambo hilo jina.

Akafikiria kukohoa. Akikohoa, Nyaguthii atasema, "Fundi, si ushuke usalimie mgeni." Nyaguthii ni Mkikuyu, kwao mkwe anakumbatiwa na kupewa mguu wa mbuzi. Ataona ni mzaha. Akishuka, vitakavyotangulia kumfikia mama mkwe ni miguu yake, halafu ile kaptula. Akazima tochi. Chai hainywewi milele, alijiambia, atakunywa ataenda. Akalaza shavu kwenye ubao, jasho likimchuruzika puani, na hakuthubutu hata kulipangusa, maana mbao zile zililia ukizigusa.

"Na sura yako mbona leo imeanguka?" Nyaguthii aliuliza. Vikombe viligongana. "Ama ni hiyo mvua ya maharagwe?"

Kijiko kilikoroga chai.

"Ni huyu msichana wangu, Joy. Leo anaenda. Anaenda Uarabuni kufanya kazi ya nyumba. Amesaini miaka miwiri."

"Haki ya Mungu! Leo leo?"

"Ndege ni leo usiku. Gari ya Nairobi ni ya saa nane hapa Kitale, hiyo ndio ya mwisho inaweza mfikisha. Nimemwacha stegi na sanduku yake. Nilimwambia nakuletea maharagwe nirudi tuagane." Kikombe kiligusa meza. "Sirudi, Mama Ngige. Siwezi kuona mutoto wangu akipanda hiyo gari. Mimi nilizika muzee juzi tu."

"Na bwana yake amekubali?"

"Bwana!" Wilkista alicheka bila furaha. "Bwana hajui. Hata kama anajua, atasema giaboksi."

Juu huko Wekoye alihisi mbao zikimbana mbavu, na hazikuwa zimesogea. Joy. Miaka miwiri. Leo. Saa mkononi mwake, yenye mishale ya kung'aa gizani, ilionyesha saa saba na nusu na dakika mbili. Kutoka Milimani hadi stegi, kituo cha magari, kwa pikipiki ni dakika kumi, ukibahatika na bodaboda mwenye haraka. Angeshuka sasa hivi angemkuta. Lakini chini ya tundu palikuwa na kochi, na juu ya kochi palikuwa na mamake Joy, na simu ilikuwa kabatini hatua nne kutoka kwa mama huyo. Hakuwahi kufungiwa mahali maishani mwake. Dari zote alizoingia alitoka alipotaka. Alianza kutafuta kwa macho kwenye giza: pembe ya mabati? Yamepigwa misumari kwenye boriti. Kutoboa jipsamu ya chumba kingine? Angeangukia kitanda cha Nyaguthii na kuharibu dari aliyoisifu kwa wiki mbili. Aliomba Mungu mama amalize chai. Alisikia Nyaguthii akisema, "Ngoja nikuongeze."

Alimchukia Nyaguthii wakati ule, kwa dhati, kwa ajili ya ukarimu wake.

Ndipo simu ikalia. Sio kabatini. Ililia kutoka kuta zote, mbele na nyuma na kando, mlio mkubwa wa kuamsha wafu, kwa sababu bado ilikuwa imeunganishwa na amplifaya.

"Yesu!" Wilkista akapaza sauti.

"Ni simu ya fundi," Nyaguthii akasema akicheka. "Fundi! Fundi, simu yako!" Akaiendea kabatini. "Labda ameenda choo. Inasema Mama Ivy. Wacha nishike nimwambie apige baadaye."

"Usishike," Wekoye alisema, lakini alisema ndani ya kichwa, na kule ndani Nyaguthii hakusikia.

"Baba Ivy?"

Sauti ya Joy ilijaa chumbani. Nimekwambia mtu huyu alifunga sauti, si spika. Kila pumzi ilisikika. Makelele ya stegi yalitoka kuta za nyuma, wapiga debe kushoto, honi kulia, na katikati, palipo na kochi, Joy, waziwazi kana kwamba ameketi hapo pamoja na mamake.

Nyaguthii alifungua mdomo kusema yeye si Baba Ivy. Wilkista akamshika mkono. Alikuwa ameitambua sauti ya bintiye kabla ya neno la pili. Akatazama simu, akaona kwenye kioo picha ya mjukuu wake akitabasamu bila meno ya mbele. Akatazama ngazi. Akafuata ngazi kwa macho mpaka juu, kwenye tundu jeusi, na papo hapo akavuta leso yake akafunika kichwa na uso, akageukia ukutani. Alikuwa ameelewa nani alikuwa juu. Angepaswa kuondoka. Miguu ilikataa, kwa kuwa mtoto wake alikuwa anaongea.

"Baba Ivy, unanisikia? Nasikia tu kama uko kwa shimo. Haya, usiongee, nisikize. Niko stegi ya Kitale. Naenda Saudi. Mama alisema nisikuambie, lakini siwezi enda hivyo. Ivy amebaki na mama." Pumzi. Honi. "Sitaki kitu mingi. Sitaki unitumie wazee. Nataka kukuuliza kitu moja tu, na unijibu. Siku ya kuzika baba, ulikuwa wapi?"

Wekoye alikuwa ameshajongea mpaka ukingoni mwa tundu. Kutoka pale aliona kichwa kimefunikwa leso ya bluu, mabega mawili, na mkono wa Nyaguthii ukiwa umeshikwa. Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa maneno machache tu. Angeyasema kwa kupaza, simu ingeyachukua, Joy angesikia. Na mama mkwe angesikia, pale pale, kutoka juu ya kichwa chake, kutoka kwa mtu aliyevaa kaptula ya ndani, kwamba ndiyo, mzee wako alizikwa nikiwa darini kwa Kipkemei nikishughulikia mpira. Mkwe hapazi sauti mbele ya mama mkwe. Mkwe hata jina lake mwenyewe halitaji mbele yake. Tangu kuoa alifundishwa hivyo, na koo lake lilikuwa limelishika fundisho hilo vizuri kuliko alivyojua. Akajaribu. Kikatoka kitu kama kikohozi cha kuku.

"Baba Ivy?" Joy alisema. "Uko?"

Saa ya mkononi ilikuwa inasonga. Nyaguthii alianza kutazama juu, kisha leso ya bluu, kisha juu, na uso wake ukaanza kupambanua mambo polepole.

"Sawa," Joy alisema. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Sawa, Baba Ivy. Nimesikia." Na kuta zikakata.

Wilkista alikuwa bado ameuelekea ukuta. Akasema, kwa sauti ya chini, akifuata desturi mpaka dakika hiyo:

"Mama Ngige, mwambie huyo fundi wako apigie huyo msichana. Mwambie ajibu."

"Fundi," Nyaguthii akasema akitazama juu, "mama anasema umpigie."

"Mwambie mama..." Wekoye akaanza, sauti ikimtoka kama ya mtoto, "mwambie simu iko hapo chini."

"Anasema simu iko..."

"Nimesikia! Mpigie wewe!"

Nyaguthii akabonyeza. Wote watatu wakangoja, mmoja amesimama, mmoja amefunika uso, mmoja ananing'iniza kichwa kwenye tundu kama popo. Kisha kutoka kuta zote, kwa sauti safi ya mwanamke asiye na shida yoyote duniani, wakaambiwa kwamba mteja wa nambari waliyopiga hapatikani kwa sasa. Nyaguthii akapiga tena. Wakaambiwa tena, kwa upole ule ule, mbele, nyuma na kando. Spika zilikuwa hazina kasoro hata moja.

Hapo ndipo Wilkista alipofanya jambo ambalo Ndalu lingezungumzwa miaka. Alivua leso kichwani, akaigeukia ngazi, akainua uso.

"Wekoye," alisema. Hakuwa amewahi kulitamka jina hilo mbele yake. "Shuka. Saa nane haijafika. Shuka, wewe mutu!"

Akashika ngazi kwa mikono miwili isiteleze. Wekoye akashuka na kaptula yake ya ndani, kifua kimejaa vumbi jeupe, akapita karibu naye mpaka pumzi zao zikagusana. Walitazamana. Mama alikuwa na macho ya Joy, yale yale, yenye kope fupi na kona zilizoinama kidogo, na miaka tisa hakuna aliyemwambia. Wilkista akamtupia leso ajifunge. Nyaguthii akamtupia simu. Suruali yenye funguo na pochi ilibaki darini, na Wekoye akatoka mbio Milimani amejifunga leso ya mama mkwe kiunoni, miguu mitupu, akimpungia kila bodaboda kama mwendawazimu. Wawili walimpita. Wa tatu alisimama, akacheka, akasema, "Niaje mzee, umefumaniwa?" akampakia.

Njiani alipanga maneno. Yalikuwa mepesi sasa, yalimtoka yenyewe, aliyasema mgongoni mwa yule dereva kwa sauti. Nilikuwa Kitale. Nilikuwa juu ya nyumba ya mtu. Gari halikuharibika. Dereva akasema, "Poa bana, mimi sikuuliza."

Stegini aliona pengo mahali ambapo gari la Nairobi huegeshwa, na doa la oili lililo bado bichi. Msichana wa tikiti, Jelimo kwa kitambulisho cha kifuani, alimtazama leso kwanza, kisha uso.

"Ya saa nane? Imetoka, si dakika tano. Viti zilijaa mapema, dereva akasema ya nini kukaa. Ingine ni ya jioni."

Akapiga simu palepale. Yule mwanamke wa upole akamjibu, mdogo sasa, kwenye sikio moja.

Alirudi Milimani kwa sababu vyombo vyake vilikuwa huko na hakuwa na pengine pa kwenda. Nje ya lango pikapu ya maharagwe ilikuwa tupu, dereva wake kaenda kutafuta soda, na Wilkista amekaa kiti cha mbele, mlango wazi, miguu nje. Kwa mazoea Wekoye alisimama mbali, akainamisha kichwa, akamtafuta kwa macho mtu wa katikati. Hakukuwa na mtu.

"Imeenda?" Wilkista akamuuliza yeye mwenyewe.

"Imeenda, mama. Ilijaa mapema."

Mama akatazama barabara.

"Siku ya kuzika muzee, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa Kitale, mama. Juu ya silingi ya mtu, natengeneza spika waone mpira. Gari haikuharibika. Hakukuwa na giaboksi." Alingoja radi. Aliitamani hata, ipige iishe.

"Tulijua," Wilkista alisema.

Wekoye akainua macho.

"Waliokuona waliniambia ulikuja kwa matanga nywele nyeupe pe, unga ya jipsamu mpaka kwa kope. Nani atengeneze gari apate unga kwa kope? Joy ndiye alikupanguza bega mbele ya watu, ukawa unasema Kiminini, akanyamaza. Hata Khisa alijua. Hata mutoto alijua."

"Sasa kama alijua, mama, mbona aliuliza?"

Wilkista akamgeukia.

"Jana usiku nilimuuliza hivyo hivyo akifunga sanduku. Nikamwambia wacha huyo mutu, ushajua ni mwongo. Akasema, mama, nitampigia mara moja. Akisema ukweli, hata kama nimeweka mguu moja kwa gari, nashuka narudi kwake. Mimi nikamwombea useme. Nilikuchukia, lakini nikakuombea." Alipangusa uso kwa kiganja, kwa kuwa leso yake ilikuwa kiunoni mwa mkwe. "Nilikuwa hapo kwa kochi, Wekoye. Nilikuwa nangoja na mimi. Kwa nini hukusema?"

"Nilikuonea haya, mama."

"Mimi?"

"Wewe."

Wekoye akachuchumaa kando ya gurudumu, akalia mbele ya mama mkwe wake, kwa sauti, mchana, watu wa Milimani wakipita. Wilkista hakugeuza uso.